Kanotaiti fildi: jinsi ya kuitambua njano yenye vanadi

Kiangazi kikikolea, simu yangu hujaa picha za mawe ya njano. Zinatoka kwa vijana wa Manyoni, kwa wachimba visima wa Bahi, mara nyingine kwa mwanafunzi wa jiolojia aliye kwenye mafunzo kwa vitendo, na wote wana swali moja: "Mkuu, hii si urani?" Huwa nawarudishia maswali. Umeitoa kwenye mwamba gani? Njano imekaa wapi kwenye jiwe? Shimo lina kina gani na chini yake kuna nini? Kwa rangi peke yake sina la kusema, maana Tanzania ya kati imejaa vitu vya njano: udongo wenye chuma, jarosaiti (salfeti ya chuma), na hata ule uoto mwembamba unaong'ang'ania juu ya miamba ya granaiti na kuwadanganya wengi kila mwaka.

Mwongozo huu unahusu madini ya aina moja tu, kanotaiti. Ni muungano wa urani, metali iitwayo vanadi, na potasiamu, na fomula yake ni K₂(UO₂)₂(VO₄)₂·3H₂O. Ikiwa safi, karibu asilimia 53 ya uzito wake ni urani, asilimia 11 hivi ni vanadi, na asilimia kama 9 ni potasiamu. Ziweke namba hizo akilini, tutazirudia kwenye hatua ya 7.

Wafaransa Charles Friedel na Édouard Cumenge ndio walioieleza kisayansi mwaka 1899, kutokana na mawe ya Montrose, Colorado, wakaipa jina la Adolphe Carnot, mkemia na mhandisi wa migodi. Kule Colorado imejaa kwenye miamba ya mchanga na hata ndani ya magogo ya kale yaliyogeuka mawe. Mwanzoni ilichimbwa kwa ajili ya rediamu. Ile gramu moja ya rediamu aliyokabidhiwa mwanasayansi Marie Curie katika Ikulu ya Marekani mwaka 1921 ilitokana na kanotaiti ya huko. Baadaye ikatafutwa kwa ajili ya vanadi ya kuimarishia chuma, kisha kwa ajili ya urani yenyewe.

Ya kwetu ina makazi tofauti. Ile ya Bahi na Manyoni imo kwenye kalkriti, yaani chokaa iliyojijenga ndani ya udongo wa mbuga karibu na uso wa ardhi. Jamaa zake wa karibu ni Langer Heinrich nchini Namibia, ambako mgodi ulianza kazi 2007, na Yeelirrie huko Australia Magharibi, iliyogunduliwa 1972. Ukisoma chochote kuhusu maeneo hayo mawili utajifunza mengi kuhusu Bahi kuliko ukisoma kuhusu Colorado.

Utaratibu wangu ni huu: mahali kwanza, mkao wa njano pili, mionzi tatu, vanadi nne. Jina linakuja mwisho. Wengi huanza na jina, halafu wanatafuta vipimo vya kulitetea.

Kabla hujatoka nyumbani

Kutafuta madini bila leseni ni kosa kisheria, na leseni hutolewa na Tume ya Madini. Kwa mawe yenye mionzi kuna chombo cha pili, Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC), ambayo kibali chake kinahitajika kabla ya kusafirisha sampuli. Pita pia kwenye ofisi ya kijiji. Mtu anayezunguka mbugani na mashine inayolia hukusanya watu haraka, na uvumi wa urani ukishaanza, bei ya mashamba na hofu ya maji ya visima vitapanda siku hiyo hiyo.

Kuhusu afya, hatari kubwa iko kwenye vumbi, kuliko ile mionzi inayokupiga kwa dakika chache ukiwa umeshika jiwe. Urani ikiingia mwilini huumiza figo, na vumbi lake likitua mapafuni linakaa karibu mno na nyama hai. Kwa hiyo vaa barakoa na glavu, na uwe na maji ya kunawa kabla ya kula au kuwasha sigara. Sisi wajiolojia tuna tabia ya kulamba jiwe ili rangi itokeze. Hapa tumia chupa ya kunyunyizia maji. Usisage sampuli kavu, wala usiilaze chumbani au kwenye kabati lililofungwa, kwa sababu hutoa gesi ya radoni.

Vifaa si vingi: nyundo, patasi, lenzi ya mkono yenye kukuza mara 10, sindano, vijiti vya meno, kipande cha kigae cha sakafuni (tunautaka ule upande wa nyuma usiong'aa), kisosi cheupe cha kauri, kipima mionzi, taa ndogo ya kukagulia noti bandia kama ile ya mawakala wa fedha, chupa ya siki, asidi ya betri, haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa, na magadi. Ongeza mifuko ya plastiki na kalamu isiyofutika.

Hatua ya 1: Soma mahali kabla ya kusoma jiwe

Simama kwenye ukingo wa Bonde la Ufa upande wa Kilimatinde, utazame mashariki. Chini kuna mbuga ya Bahi, tambarare, na Mto Bubu unaimwagia maji ambayo hayana njia nzuri ya kutoka. Kinachoyaondoa ni jua. Hapo ndipo siri yote ya kanotaiti ya kwetu ilipo.

Mvua inaponyesha juu ya granaiti za pembeni, maji yenye oksijeni na kaboni dayoksaidi huchomoa urani kidogo kidogo na kuibeba ikiwa imefungamana na kabonati. Vanadi inatoka kwenye madini meusi ya miamba hiyo hiyo na ya miamba ya kijani iliyo jirani. Potasiamu inatoka kwenye feldspa. Vyote vitatu vinasafiri chini ya ardhi kufuata mabonde ya kale yaliyofukiwa. Maji yakifika mahali yanapopanda karibu na uso, jua linayakausha, kaboni dayoksaidi inatoroka, chokaa inaganda, na ile kabonati iliyokuwa imeishikilia urani inaiachia. Vanadi nayo, ikikutana na oksijeni ya kutosha, inafikia hali yake ya juu kabisa ya oksidi. Hapo urani, vanadi na potasiamu hukamatana, na kanotaiti inaganda kwenye kila nafasi iliyo wazi.

Kwa hiyo tafuta kwenye kingo za mbuga, kwenye mikondo ya mito iliyokufa, na mahali ambapo visima vina maji ya chumvichumvi kwa kina kifupi. Mashimo yaliyokwisha kuchimbwa yatakuokolea jasho: visima vya mifugo, mashimo ya kifusi cha barabara, kuta za makorongo. Tazama pia vichuguu, kwani mchwa hupandisha udongo wa chini bure.

Njano uliyoiokota juu ya kilima cha granaiti, mita mia moja juu ya mbuga, itilie shaka tangu mwanzo. Vivyo hivyo njano ya kwenye mishipa ya kwarzi. Na kwa wasomaji wa Katanga: njano nyingi za mgodi wa Shinkolobwe ni silikati za urani na wala hazina vanadi, kwa hiyo hatua ya 6 hapa chini itawapa jibu la hapana ingawa kipima mionzi kinapiga kelele. Ile ya kwenu yenye vanadi na urani pamoja, sengieraiti ya Luiswishi, ni ya kijani na ina shaba ndani yake.

Hatua ya 2: Safisha ukuta, kisha utazame njano imekaaje

Usianze na mawe yaliyotapakaa nje ya shimo. Yamenyeshewa, yamekanyagwa na ng'ombe, na hujui yalitoka kina gani. Ingia shimoni (kama kuta zake ni imara, na mwenzako yuko juu), paruza ukuta kwa jembe dogo mpaka upate uso mpya, halafu uache utulie dakika chache vumbi lishuke. Sura ya kawaida ni udongo mweusi wa mbuga juu, chini yake chokaa yenye matonge matonge, kisha chokaa iliyochanganyika na udongo wa kijivu au kijani hafifu, na mwisho granaiti iliyooza. Pale chokaa inapochanganyika na udongo ndipo pa kukaa muda mrefu.

Vunja tonge moja. Ndani utaona weupe uliochafuka kwa kijivu, chembe za kwarzi zikimeta, na vinyufa vyembamba kuliko ukucha. Kanotaiti ikiwepo, utaiona imelala kwenye kuta za ufa kama chavua iliyonaswa: njano ya limau, mara nyingine yenye ukijani, kavu, isiyong'aa. Inafunika pia vitundu vilivyoachwa na mizizi, inazunguka kokoto za kwarzi, au inatandaza ngozi nyembamba juu ya udongo. Mwili wa chokaa wenyewe unabaki mweupe. Mpaka kati ya njano na nyeupe mara nyingi ni mkali, unaweza kuufuata kwa ncha ya sindano.

Linganisha na doa la chuma. Chuma hunywea ndani ya jiwe. Katikati ni kahawia, kisha rangi ya kutu, kisha njano inayofifia kidogo kidogo hadi kupotea. Ukiona mfululizo huo wa rangi, uwezekano mkubwa ni limonaiti, yaani kutu ya asili ya chuma. Nimeona watu wamebeba magunia ya limonaiti kutoka Singida mpaka Dodoma, na nauli wakalipa.

Andika kwenye daftari kabla hujagusa chochote: kina, aina ya tabaka, njano imekaa kwenye nini, upana wa ufa. Piga picha ukiwa umeweka kitu cha kipimo, sarafu inatosha.

Hatua ya 3: Lenzi, kijiti na kigae

Hii ni hatua fupi. Chini ya lenzi, kanotaiti ya kalkriti huonekana kama unga. Ukibahatika utaona vibapa vidogo mno vyenye mng'ao wa lulu. Ukiona sindanosindano zilizotawanyika kutoka sehemu moja, fikiria uranofani, silikati ya urani. Ukiona miche mifupi yenye pande sita, mizito, inayong'aa kama utomvu, hiyo ni vanadinaiti: ina vanadi kweli, lakini imefungwa na risasi, haina urani.

Ugumu wake ni kama 2, kwa hiyo kijiti cha meno kinaukwangua unga bila shida. Usitumie ukucha. Sugua chembe kwenye mgongo wa kigae: mfuo wa kanotaiti ni njano hafifu. Limonaiti inaacha kahawia yenye unjano. Jarosaiti inaacha njano hafifu pia, kwa hiyo kigae peke yake hakikutoi kwenye jarosaiti. Salfa utaijua ukiiwasha chembe moja, ila usizoee kuchoma njano usiyoijua. Ule uoto wa juu ya miamba, ukiulowesha maji unalainika na kukwanguka kama ganda jembamba, na chini yake jiwe ni safi.

Mwisho, dondosha siki. Chokaa itachemka povu. Njano yenyewe haichemki. Povu likitoka chini ya njano, usihesabu kuwa limetoka kwake.

Hatua ya 4: Mionzi, na namna inavyodanganya

Watu wengi huamini kipima mionzi kupita kiasi, kwa hiyo hapa nitachukua muda.

Anza na usomaji wa msingi. Ondoka mita kadhaa kutoka kwenye shimo, shika mashine kwa urefu ule ule utakaoutumia siku nzima, subiri isome angalau dakika moja, uandike. Rudia sehemu tatu nne. Granaiti za Dodoma na Singida zina potasiamu na thoriamu za kwao, hivyo usomaji wa msingi wa juu ya granaiti hauwezi kutumika katikati ya mbuga. Chukua wa mbugani kwa kazi ya mbugani.

Halafu sogeza mashine kwenye ukuta uliousafisha. Mimi siishtukii namba mpaka ipite mara tatu ya msingi, na kuna sababu. Ukiwa shimoni, ardhi imekuzunguka pande zote badala ya kuwa chini ya miguu tu, na usomaji unaweza kukaribia kuongezeka maradufu hata kama mwamba ni ule ule. Kijana akishusha mashine kisimani na kushangilia, mwambie aishushe pia kwenye kisima cha jirani kisicho na njano.

Mvua nayo ina hila. Inaposhuka inakusanya mazao ya radoni hewani na kuyamwaga ardhini, na mashine itaonyesha ongezeko kwa muda baada ya mvua. Nusu-maisha ya mazao hayo, yaani muda wa nusu yake kuisha, ni chini ya nusu saa, kwa hiyo subiri kama saa tatu, usomaji utarudi chini. Ardhi iliyolowa sana, kwa upande mwingine, inazuia mionzi ya gama inayotoka chini. Kwa kifupi, kazi hii ni ya kiangazi.

Kama una spektromita, yaani mashine inayochambua mionzi kwa nishati yake, tenganisha. Potasiamu inasomwa kwenye 1.46 MeV (kipimo cha nishati), mfululizo wa urani kwenye 1.76, wa thoriamu kwenye 2.61. Kanotaiti inapaswa kupandisha dirisha la urani na kuliacha la thoriamu pale pale. Thoriamu ikipanda pamoja nayo, pengine unasoma mchanga mzito wenye monazaiti (madini yenye thoriamu) uliokusanywa na kijito.

Sasa lile linalowachanganya hata wenye uzoefu. Mashine haisomi urani yenyewe, inasoma elementi zinazozaliwa urani inapooza polepole. Ile gama ya 1.76 inatoka kwa bismuthi-214, mjukuu wa mbali wa urani, na ili azaliwe lazima kwanza apatikane thoriamu-230, ambayo nusu-maisha yake ni miaka kama 75,000, kisha rediamu-226. Kanotaiti ya kalkriti mara nyingi ni changa kijiolojia. Njano halisi inaweza kutoa gama pungufu kuliko urani iliyomo, kwa sababu wajukuu hawajatimia. Kinyume chake pia hutokea: maji ya mbuga yanaihamisha rediamu na kuiweka mahali pengine, na hapo mashine inalia juu ya udongo usio na njano hata chembe. Ndiyo maana sitoi uamuzi kwa mashine peke yake, na situpi njano nzuri kwa sababu mashine imenung'unika tu badala ya kupiga kelele.

Mwenye kaunta ya Geiger ya bei nafuu asikate tamaa. Weka kipande chenye njano karibu kabisa na dirisha la kaunta, usome. Kisha weka kati yao bati la alumini la milimita chache, usome tena. Usomaji ukianguka sana, kilichokuwa kinasomwa ni mionzi ya beta ya pale juu ya jiwe, yaani chanzo kiko kwenye ile ngozi ya njano. Geuza jiwe upande usio na njano, ulinganishe.

Hatua ya 5: Taa ya noti, gizani

Subiri jua lizame au jifunike turubai. Washa taa ya kukagulia noti juu ya sampuli. Kanotaiti haiwaki. Vanadi iliyomo inauzima ule mwako ambao urani ingeutoa. Hapa jibu la hapana ndilo tunalolitaka. Njano ikiwaka kijani kikali chenye unjano, umeshika kitu cha jamii ya autunaiti, ambayo ni fosfati ya urani. Ina thamani yake kisayansi, lakini vanadi hakuna. Uranofani huwaka hafifu au isiwake.

Usishangae ukiona weupe ulio kando ya njano unawaka kijani. Kalkriti ina silika ya aina ya opali, na chembe chache tu za urani ndani yake zinatosha kuiwasha, hasa kwa taa ya mawimbi mafupi. Ni dalili njema kuhusu mahali, haihusu njano yako. Na ukiona kitu kinawaka kijani-bluu halafu kinatembea, vuta mkono: nge huwaka chini ya taa hii, na mbuga za huko zinao.

Hatua ya 6: Vanadi ijitokeze yenyewe

Mpaka hapa umejua una njano ya nyufa, laini, yenye mionzi, isiyowaka. Bado hujathibitisha vanadi. Kipimo hiki hakihitaji maabara, kinahitaji mikono tulivu na miwani ya kinga.

Nunua asidi ya betri kwenye duka la spea. Hakikisha ni asidi, maana maduka hayo hayo yanauza pia maji safi ya kuongezea betri, na chupa zinafanana. Fanya kazi nje, upepo ukiwa mgongoni, na ndoo ya maji pembeni.

Kwangua njano kwa sindano, kiasi cha punje ya ulezi, uiangushe kwenye kisosi cheupe. Chagua njano iliyokaa juu ya udongo au kwarzi, kwa sababu chokaa itakula asidi yako na kukuachia tope jeupe la jasi. Kama haiepukiki, dondosha asidi tone kwa tone mpaka povu liishe kabisa, kisha ongeza matone mawili matatu ya ziada. Weka kisosi juani dakika kumi. Kanotaiti inayeyuka na kuacha maji ya njano au njano-kijani.

Sasa chovya kijiti cha meno kwenye peroksaidi na uguse maji hayo. Tone dogo tu. Vanadi ikiwepo, rangi inageuka hapo hapo kuwa nyekundu-kahawia, kama imeingizwa chai ya rangi. Mabadiliko hayo yakitokea mbele ya macho yako mara moja, hutayasahau. Ukimwaga peroksaidi nyingi, wekundu unarudi kuwa njano na utadhani kipimo kimeshindwa, kumbe umezidisha dawa. Ndiyo maana tunatumia kijiti.

Fanya visosi vingine viwili pembeni: kimoja chenye asidi na peroksaidi bila sampuli, kingine chenye udongo wa kawaida wa shimo lile lile usio na njano. Vyote viwili vinapaswa kubaki bila wekundu. Chuma kilichoyeyuka kina njano yake, na peroksaidi itakifanya kitoe mapovu, lakini hakiendi kwenye nyekundu-kahawia. Titani inaweza kutoa rangi ya njano-chungwa, ila madini yake ya kawaida, ilmenaiti kwa mfano, hayayeyuki kirahisi kwenye asidi baridi, kwa hiyo mara chache itakusumbua hapa.

Kumbuka vanadinaiti nayo itajibu ndiyo. Kipimo hiki kinasema "kuna vanadi" na hakisemi zaidi ya hapo. Kinapata uzito kinapokaa pamoja na mionzi ya hatua ya 4 na giza la hatua ya 5.

Ukimaliza, mwagia magadi kwenye visosi mpaka povu liishe, mimina vyote kwenye chupa yenye lebo, uondoke nayo. Usimwage kando ya kisima cha watu.

Hatua ya 7: Kama una bunduki ya XRF

Hiki ni kifaa cha mkononi kinachopima elementi kwa eksirei. Ukiwa nayo, ipige kwenye njano iliyokwanguliwa na kukusanywa, usiipige kwenye jiwe zima. Kwenye kanotaiti safi, urani kwa vanadi ni karibu 4.7 kwa 1 kwa uzito. Uwiano ukikaribia hapo, una hoja. Uwiano ukiwa na vanadi nyingi zaidi, huenda vanadi ya ziada imo kwenye udongo; urani ikizidi sana, huenda kuna madini mengine ya urani yamechanganyika.

Angalia mitego miwili. Kwenye grafu ya mashine, mstari wa vanadi unakaribiana mno na mstari wa pili wa titani, na udongo wa mbuga una titani ya kutosha kuzalisha vanadi ya uongo. Mstari wa urani nao uko jirani na wa rubidi, ambayo granaiti inayo. Fungua grafu yenyewe uitazame, usitosheke na jedwali linalotokea kwenye kioo. Potasiamu usiitegemee kabisa hapa. Feldspa na udongo vimejaa potasiamu.

Hatua ya 8: Kanotaiti au tyuyamunaiti?

Umepita vipimo vyote. Bado huwezi kuandika "kanotaiti" bila alama ya kuuliza, kwa sababu kuna tyuyamunaiti, iliyopewa jina la Tyuya-Muyun kule Kyrgyzstan. Ni urani na vanadi zile zile, ila pale penye potasiamu pana kalsiamu. Rangi, ulaini, mionzi, jibu la asidi, vyote ni vile vile. Na kwenye chokaa, kalsiamu haikosekani. Jicho halizitenganishi, lenzi haizitenganishi, na anayekuambia anazitenganisha kwa ukijani wa rangi mwache aendelee na safari yake. Fildi, andika "vanadati ya urani, njano, huenda kanotaiti".

Kinachozitenganisha ni difraksheni ya eksirei, XRD, inayosoma mpangilio wa atomi ndani ya fuwele. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST) iko Dodoma, karibu kabisa na mbuga tunazozizungumzia. Anza kwa kuwapigia simu uulize utaratibu wa sampuli zenye mionzi, ili usifike mlangoni nayo ndani ya begi la mgongoni. Gramu chache zinatosha. Ziweke kwenye mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, na uifunge vizuri isipigwe na jua la dirishani, kwa sababu tyuyamunaiti hupoteza maji yake kirahisi na kugeuka kuwa metatyuyamunaiti, na matokeo ya maabara yatasoma kilichobaki badala ya kile ulichokitoa ardhini.

Kwenye lebo andika namba ya sampuli, majira ya nukta kwa GPS, kina, tabaka, usomaji wa mashine pamoja na usomaji wa msingi wa siku hiyo, na jibu la kila hatua hapo juu, hata yale ya hapana. Kwenye fomu ya maabara omba mambo mawili: XRD ya ile njano iliyokwanguliwa, na kipimo cha kemikali cha urani, vanadi na potasiamu cha jiwe zima. Ukiomba cha pili peke yake utaambiwa kiasi cha urani bila kujua imekaa kwenye madini gani. Ukiomba cha kwanza peke yake utapata jina zuri la madini ambayo labda yapo kwenye ufa mmoja tu wa shimo zima.

Kabla hujaondoka, fukia shimo ulilolichimba wewe, na uchafu wenye njano urudi chini kabisa, udongo mweusi juu. Ng'ombe hunywa maji yanayotuama kwenye mashimo hayo masika yakianza.